Kumbukumbu za Utoto wa Kijijini na Kazi ya Mwalimu: Mfano wa Miyamoto Tsuneichi wa Japani

1. Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya ualimu tunamfundisha mwanachuo saikolojia ya mtoto, historia ya elimu na mbinu za kila somo. Tunamzoeza kutayarisha azimio la kazi na andalio la somo, kisha tunamfuata katika mazoezi ya kufundisha ili tuone kama mwandiko wake wa ubaoni unasomeka na kama anagawa maswali kwa darasa zima. Ni nadra tumwulize swali moja jepesi: wewe mwenyewe, kabla hujajua kusoma, ulikuwa umekwisha kujifunza nini, ulifundishwa na nani, na kwa njia gani?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo ni sehemu ya kazi ya ualimu, wala si mazungumzo ya kupitisha jioni. Mwalimu asiyejua mtoto amefundishwa nini kabla ya kufika shuleni humfundisha mtoto wa kufikirika, na yule aliyeketi mbele yake humpita. Chanzo cha kwanza cha ujuzi huo, kilicho karibu kuliko maktaba yoyote, ni kumbukumbu ya utoto wa mwalimu mwenyewe, mradi aichunguze kwa uaminifu.

Mfano nitakaoutumia unatoka mbali, katika kisiwa kimoja cha Japani. Nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, mtu aliyeukumbuka utoto huo na kuuandika alipata kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliutazama kwa jicho la mwalimu. Pili, tunapozungumza habari za utoto wa vijiji vyetu wenyewe, aghalabu tunakimbilia kuusifu au kuulaumu kabla hatujautazama. Utoto wa ugenini hutupa nafasi ya kuichunguza njia ya malezi yenyewe, kisha ndipo tunaweza kurudi kwetu tukiwa na macho mapya.

2. Miyamoto alikuwa nani?

Miyamoto Tsuneichi (Wajapani hutanguliza jina la ukoo) alizaliwa mwaka 1907 katika kisiwa cha Suo-Oshima, mkoa wa Yamaguchi, kilichomo katika Bahari ya Ndani ya Seto. Ni kisiwa cha milima inayoteremka hadi baharini, chenye ardhi chache ya kulima. Watu walilima vijishamba kwenye miteremko, wakavua samaki, na kwa kuwa ardhi haikuwatosha, wengi walitoka kwenda kutafuta kazi. Tangu mwaka 1885 watu wengi wa kisiwa hicho walikwenda Hawaii kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Baba yake Miyamoto, Zenjuro, alikwenda Fiji mwaka 1894 kwa mkataba wa kazi ya namna hiyo. Wengi katika msafara wake walikufa kwa maradhi. Yeye alinusurika akarudi kijijini kulima.

Mwaka 1923 kijana Miyamoto aliondoka kisiwani akaenda mji wa Osaka. Huko alifanya kazi ya posta, kisha akaingia chuo cha ualimu cha Tennoji, na mwaka 1927 akaanza kufundisha katika shule za msingi za mkoa wa Osaka. Mwaka 1930 aliugua kifua akalazimika kurudi nyumbani kujiuguza. Katika siku hizo za kulala na kungoja alijitia kwa bidii katika kuandika habari za wazee wa kisiwa chake. Alipopona alirudi darasani, na mwaka 1939 aliacha kufundisha, akaenda Tokyo kufanya utafiti wa maisha ya watu wa kawaida chini ya uangalizi wa Shibusawa Keizo. Kuanzia hapo hadi kifo chake mwaka 1981 alizunguka takriban Japani nzima, sehemu kubwa kwa miguu, akilala katika nyumba za wakulima na wavuvi na kuandika aliyoyasikia.

Vitabu vyake vitatu vinahusu jambo letu. Cha kwanza ni Kakyo no oshie, maana yake ni kama "Mafunzo ya nyumbani kwetu", kilichotolewa mwaka 1943. Hicho ni maelezo ya jinsi yeye na wenzake walivyolelewa kijijini. Cha pili, kilichotolewa mwaka 1960, ni Wasurerareta Nihonjin, yaani "Wajapani waliosahauliwa"; humo imo sura inayomhusu babu yake. Cha tatu ni kitabu cha maisha yake cha mwaka 1978, ambamo, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, alirudia tena habari za wazazi wake.

3. Mambo aliyoyakumbuka

Yafaa tuyatazame mambo machache kwa ukaribu, kwa kuwa faida yake kwa mwalimu imo katika vitu vidogo. Nimeyasimulia kwa maneno yangu.

(a) Gugu moja

Babu yake, Ichigoro, alikuwa mkulima aliyeamka kabla ya jua, akafanya kazi mchana kutwa, na usiku akaendelea na kazi za mikono nyumbani. Mjukuu alipokuwa na umri wa miaka mitatu au minne, babu alimchukua mgongoni, juu ya kibebeo cha miti cha kuchukulia mizigo, hadi shamba la mlimani. Walipofika, mzee alilima na mtoto akacheza kando. Mtoto alipochoka kucheza, babu hakumwamrisha kufanya kazi. Alimweleza tu kwamba hata aking'oa gugu moja, kazi ya babu itakuwa imepungua kwa gugu hilo moja.

Tulichunguze neno hilo. Mzee hakusema kwamba mtoto atakuwa mtu mwema akifanya kazi. Hakuahidi zawadi, wala hakutishia adhabu. Alimwonyesha mtoto ukweli wa hesabu: shamba lina magugu kadhaa, mimi na wewe tuko hapa, na kila unalong'oa wewe silikuti mimi. Mtoto wa miaka minne anaweza kulielewa jambo hilo na kulihakikisha kwa mikono yake mwenyewe. Tena kipimo cha kazi kinalingana na nguvu zake, kwa sababu gugu moja si kazi ya kuigiza: limeng'oka kweli, na shamba limebadilika kweli. Sisi katika vyuo huandika kurasa nyingi juu ya "kumshirikisha mwanafunzi", na mzee huyu alilifanya jambo lenyewe kwa sentensi moja, akaendelea kulima.

(b) Kobe wa kisimani

Karibu na shamba hilo palikuwa na kisima kidogo, na ndani yake aliishi kobe mdogo wa majini. Mtoto alimpenda akaomba apelekwe nyumbani. Babu akamvua, akamfunga kwa uzi, na mtoto akaondoka naye kwa furaha. Njiani furaha ikageuka. Mtoto akawaza kwamba kobe huyu atakuwa peke yake mahali asipopajua, akaanza kulia. Babu hakumcheka wala hakumkaripia kwa kubadili nia. Alimwambia, kwa maana, kwamba kobe naye ana watu wake na mahali pake katika ulimwengu, basi bora akae kwake. Wakarudi wakamtia kisimani.

Neno alilotumia mzee ni seken. Kwa Mjapani wa kijijini, seken ni ule mzunguko wa watu ambao mtu anaishi kati yao, anaowategemea na kuwaonea haya. Ni neno ambalo watoto hulisikia kila siku, aghalabu katika maonyo: watu watasemaje? Babu alilichukua neno hilo la maonyo akalipanua hadi likamwingiza na kobe. Hapa tunaona utaratibu muhimu wa kufundisha maadili. Huruma ilianza kwa mtoto mwenyewe. Kazi ya mtu mzima ilikuwa kuipa huruma hiyo jina, na kukubali kutembea tena njia yote ya kurudi, jua likiwa limechwea. Laiti angalitanguliza mawaidha juu ya viumbe kisimani, mtoto angalisikia marufuku tu.

(c) Hadithi na mabega

Usiku mtoto alilala na babu, akasimuliwa hadithi. Kabla ya hapo, au wakati wa hadithi yenyewe, mtoto alikuwa na wajibu wa kumkanda babu mabega yaliyochoshwa na jembe. Kwa hiyo hadithi haikuwa sadaka. Kila mmoja alimpa mwenzake kitu, na mtoto alijifunza kwa vidole vyake jinsi bega la mkulima linavyokuwa baada ya siku ya kazi. Miaka mingi baadaye Miyamoto alipata sifa kwa namna alivyoweza kuwasikiliza wazee wa kila mkoa hadi usiku wa manane. Hatuna haja ya kutafuta mbali mahali alipojifunza kusikiliza.

(d) Wosia wa baba

Mwaka 1923, Miyamoto alipoondoka kwenda Osaka, baba yake alimpa maagizo kumi na kumwambia ayaandike. Baba huyu hakuwa na elimu kubwa ya shule. Aliyoyajua aliyapata kwa kutembea na kuteseka. Baadhi ya maagizo yalihusu moyo. Alimwambia kwamba kupata fedha si kugumu kama kuitumia vema. Kwamba akiugua au akishindwa arudi nyumbani, wazazi wanamngoja. Na kwamba zama zimegeuka, sasa ni wazazi wanaopaswa kuwatumikia watoto kuliko watoto wazazi. Maagizo mengine yalikuwa mbinu kamili za uchunguzi. Ukipanda treni, tazama nje: mashamba yamepandwa nini, nyumba ni kubwa au ndogo, mapaa ni ya nyasi au ya vigae, katika stesheni watu wamevaaje na inapakiwa mizigo gani, kwa hayo utajua kama mahali pale ni pa matajiri au maskini. Ukifika mji au kijiji kigeni, panda kwanza mahali palipoinuka uone njia, hekalu na mashamba yalivyokaa. Ukiwa na nafasi, tembea kwa miguu. Na mwisho: tazama yale ambayo wenzako wameyapita bila kuyaona.

Mwalimu yeyote wa jiografia au wa maarifa ya jamii atatambua hapa taratibu za safari ya mafunzo: kutazama eneo zima kutoka juu, kisha kuingia ndani, kisha kuuliza maana ya kila dalili. Nazo zilitungwa na mkulima.

4. Shule na kijiji: malezi mawili

Mwaka aliozaliwa Miyamoto, 1907, serikali ya Japani iliongeza elimu ya lazima kutoka miaka minne kuwa sita. Mfumo wa shule wa taifa ulikuwa umeanza mwaka 1872. Amri ya Mfalme juu ya Elimu, iliyosomwa kwa heshima kubwa katika sherehe za shule, ilikuwa ya mwaka 1890. Tangu mwaka 1904 shule za msingi zilitumia vitabu vilivyotungwa na serikali yenyewe, hivyo mtoto wa kisiwani na mtoto wa Tokyo walifungua ukurasa ule ule. Kwa upande mmoja hayo yalikuwa mafanikio makubwa: katika kizazi kimoja au viwili karibu watoto wote waliingia shuleni.

Miyamoto hakuyapuuza mafanikio hayo. Yeye mwenyewe aliishi kwayo. Lakini alipokuwa mwalimu aliona pengo. Shule ilimlea mtoto kwa mahitaji ya taifa, na kijiji kilimlea awe mtu wa kufaa kati ya watu wanaomjua. Shule ilimpima mtoto kwa kitabu ambacho hakikumjua. Kijiji kilimpima kwa gugu, kwa maji aliyoteka na kwa salamu aliyotoa. Mwalimu, ambaye mara nyingi alikuwa mgeni mahali pale, hakujua lolote juu ya kipimo cha pili. Matokeo yake yalikuwa mawili. Mafunzo mengi ya shule hayakupata mahali pa kushikia katika maisha ya mtoto. Na yule aliyefaulu shuleni, mara nyingi kufaulu kwake kulikuwa tiketi ya kuondoka kijijini. Miyamoto alikuwa mmojawapo wa walioondoka, na nadhani ndiyo sababu kitabu chake hakina majivuno.

Hakuwa peke yake katika kuliona pengo hilo. Katika miaka ya 1930 walimu wengi wa vijijini, hasa wa kaskazini ya Japani, walianzisha njia ya kuwafanya watoto waandike insha juu ya maisha yao halisi: deni la baba, ugonjwa wa mama, bei ya mpunga. Serikali iliwatilia shaka, na kuanzia mwaka 1940 wengi wao walikamatwa. Baada ya vita njia hiyo ilifufuka. Mwaka 1951 mwalimu Muchaku Seikyo wa mkoa wa Yamagata alitoa kitabu cha insha za wanafunzi wake wa kijiji cha milimani, kikasomwa nchi nzima. Tunajifunza kwamba kumwuliza mtoto juu ya nyumbani kwake si jambo dogo. Mwenye kuuliza kwa dhati hupata majibu, na baadhi ya majibu hayapendezi.

5. Kutoka kumbukumbu hadi somo: mfano wa kutumika chuoni

Nimelitumia zoezi lifuatalo na wanachuo wa mwaka wa kwanza katika somo la misingi ya elimu. Mara ya kwanza lilinishinda. Niliwaambia waandike "malezi niliyopata utotoni", nao wakaniletea hotuba: zamani watoto walikuwa na adabu, siku hizi adabu imekwisha. Hapakuwa na mtoto hata mmoja katika kurasa zile. Kosa lilikuwa la swali langu. Mara ya pili niliwasomea kwanza habari za gugu moja na kobe wa kisimani, kisha nikauliza swali jembamba. Utaratibu ni huu:

Muda: vipindi viwili vya dakika 40.

Lengo: Mwishoni mwa somo mwanachuo aweze (i) kueleza tukio moja la kujifunza alilolipata kabla ya kuingia shule, (ii) kutenganisha tukio, hisia na tafsiri, (iii) kutaja njia ya kufundishia iliyotumika katika tukio hilo.

Zana: vifungu viwili vilivyosimuliwa hapo juu, vilivyopigwa chapa au kusomwa kwa sauti, karatasi, ubao.

Hatua ya kwanza (dakika 15). Mkufunzi asome vifungu polepole, bila maelezo. Kisha aulize: babu alisema nini? Hakusema nini? Wanachuo wengi huona upesi yaliyosemwa. Yasiyosemwa ndiyo yenye mafunzo zaidi, yaani sifa, tishio, zawadi na mawaidha, ambavyo vyote havimo.

Hatua ya pili (dakika 25). Kila mwanachuo aandike peke yake juu ya kazi moja aliyoifanya akiwa na umri wa chini ya miaka saba. Ataje mahali, chombo alichoshika, mtu aliyekuwa karibu naye, na maneno aliyoambiwa, kwa kadiri anavyoyakumbuka. Asitumie neno "adabu", wala "zamani", wala "siku hizi". Katazo hilo dogo huwaondoa katika hotuba na kuwarudisha shambani, jikoni au ufukoni.

Hatua ya tatu (dakika 25). Ubao ugawanywe mistari mitatu: tukio, hisia, tafsiri. Wachache wasome, na darasa lipange kila sentensi mahali pake. "Bibi alinipa jembe lililokatwa mpini" ni tukio. "Nilijiona mkubwa" ni hisia. "Watu wa kwetu wanapenda kazi" ni tafsiri, tena ya mtu mzima.

Hatua ya nne (dakika 15). Darasa lijadili: je, njia hii ya kufundishia inaweza kuingia darasani? Kama haiwezi, kinachozuia ni nini?

Ni katika hatua hii ya mwisho kwamba nilipata jibu ambalo sijalisahau. Mwanachuo mmoja alikuwa ameandika juu ya jembe hilo lililokatwa mpini. Bibi yake alimpa jembe na mstari mmoja wa karanga uliokuwa wake, akaupalilia akiwa na miaka sita. Tulipofika swali la kinachozuia, alisimama akaeleza kwamba shuleni alikutana na jembe lile lile kama adhabu ya kuchelewa. Waliochelewa walipalilia, na waliowahi walikaa darasani. Alisema kwamba alipofika darasa la tano, jembe lilikuwa kwake alama ya mkosaji. Darasa lilinyamaza, kwa maana wengi wetu tuliokuwamo, pamoja na mimi, tumepata kutoa adhabu hiyo.

Sikuhitaji kuongeza neno. Tunafundisha kwamba kilimo ni kazi ya heshima, na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo. Lakini mtoto husoma zaidi tunavyolitumia jembe kuliko tunavyolisifu. Babu Ichigoro alimpa mjukuu gugu moja kama msaada wake kwa babu. Sisi tumempa mtoto magugu kama deni la kosa lake. Kazi ni moja, na mafunzo yake yamepingana.

6. Tahadhari

Njia hii ina hatari zake, na mkufunzi asipozijua ataharibu kuliko kujenga.

Kwanza, kumbukumbu huchagua. Mtu mzima hukumbuka babu mpole na kusahau njaa, au hukumbuka fimbo na kusahau nyimbo. Miyamoto mwenyewe ni mfano. Julai 1945 nyumba yake katika mji wa Sakai iliteketea kwa mabomu, pamoja na daftari na miswada yake ya miaka mingi, na baadhi ya mambo aliyaandika upya kutoka kichwani. Wachunguzi waliofuata nyayo zake wameonyesha kwamba simulizi lake mashuhuri kuliko yote, la mzee kipofu wa Shikoku, halilingani katika mambo kadhaa na maisha halisi ya mtu huyo. Kwa hiyo kumbukumbu ni ushahidi wa kuchunguzwa, na inapowezekana ilinganishwe na kumbukumbu ya mtu mwingine aliyekuwapo.

Pili, sifa za malezi ya jadi zinaweza kutumiwa vibaya. Kakyo no oshie kilitoka mwaka 1943, wakati Japani imo vitani na serikali ikihubiri utii wa nyumbani kuwa mzizi wa utii kwa dola. Msomaji wa leo hana budi kujiuliza kila mara: malezi haya yalimsaidia nani, na nani alibeba uzito wake? Katika vijiji hivyo wake walioolewa walifanya kazi mchana na usiku, na watoto wa maskini walipelekwa mapema kutumika katika nyumba za watu.

Tatu, si kila utoto unafaa kusomwa mbele ya darasa. Mwanachuo aliyelelewa katika mateso asilazimishwe kuyatangaza. Apewe ruhusa ya kuandika juu ya kazi ya mtoto mwingine aliyemwona, au kumkabidhi mkufunzi karatasi yake faraghani.

Nne, tusiige kisiwa cha Japani. Jambo la kuchukua kwa Miyamoto ni swali lake. Majibu tutayapata kwa watoto wanaoketi mbele yetu, na kwa bibi na babu zao.

7. Hitimisho

Kisiwa cha Suo-Oshima leo kimeunganishwa na bara kwa daraja lililofunguliwa mwaka 1976. Zaidi ya nusu ya wakazi wake wamefikia umri wa miaka 65 au kuupita. Vijana waliendelea kuondoka kama alivyoondoka Miyamoto, na watoto wamekuwa haba. Malezi aliyoyaandika hayawezi tena kuonekana kwa kutembelea kijiji. Yamebaki kwa sababu mwalimu mmoja aliona yanastahili kuandikwa kabla hayajasahauliwa.

Hilo ndilo ningependa mwanachuo aondoke nalo. Atakapopangiwa shule, huenda akawa mgeni katika kijiji hicho, kama walivyokuwa walimu wengi wa Japani. Siku za kwanza na apande mahali palipoinuka akitazame kijiji, kisha ateremke atembee kwa miguu, aone watoto wanashika nini mikononi kabla ya kengele ya asubuhi na baada ya kengele ya jioni. Atakapoandika andalio la somo lake la kwanza, atakuwa anamwandikia mtoto aliyemwona.

Maswali ya mjadala

1. Linganisha maneno ya babu juu ya gugu moja na njia tatu unazozijua za kumhimiza mwanafunzi kufanya kazi. Kila njia inamfundisha mtoto nini juu ya kazi yenyewe?

2. Katika habari za kobe, nani alifundisha na nani alijifunza? Toa sababu.

3. Chagua agizo moja la baba yake Miyamoto, ulitumie kutayarisha safari ya mafunzo ya saa moja kuzunguka shule yako ya mazoezi.

4. Orodhesha kazi zinazotumiwa kuwa adhabu katika shule unayoijua. Kati ya hizo, zipi watoto huzifanya nyumbani kwa fahari? Pendekeza adhabu au njia nyingine ya kurekebisha kosa isiyoidhalilisha kazi.

5. Mwombe mzee mmoja akusimulie kazi ya kwanza aliyofundishwa utotoni. Tenganisha tukio, hisia na tafsiri katika maelezo yake, kisha fanya vivyo hivyo katika maelezo yako mwenyewe.